Mifuko ya kupangia vitu: shona kwa foronya, taulo na jinzi ulizonazo ndani

Kazi inayowachosha wengi wanaoanza kushona mifuko ni pindo. Kukata kitambaa kikanyooka, kukunja mara mbili, kupiga pasi, kushona bila kwenda upande: hapo ndipo saa zinapoishia, na hapo ndipo mfuko unapoanza kuonekana wa kubahatisha. Sasa angalia foronya. Imeshapindwa mdomoni, mbavu zimeshashonwa, na kitako kimeshafungwa. Taulo la kukaushia vyombo limepindwa pande zote nne. Mguu wa suruali ya jinzi ni bomba lililokwisha kushonwa kwa uzi mnene kuliko ulio nao wewe. Aliyevishona ameshakumalizia nusu ya kazi.

Kwa hiyo kabla hujashika mkasi, tafuta pindo zilizopo na ujiulize kila moja itafanya kazi gani kwenye mfuko wako. Pindo iwe mdomo wa mfuko, maana mdomo ndio unaoonekana na ndio unaovutwa kila siku. Sehemu utakayoikata iende chini au ndani, mahali ambapo mshono utaificha. Ukilishika hilo, miradi yote iliyo hapa chini utaielewa hata bila vipimo vyangu.

Kuchagua kitambaa

Kilichotumika mara nyingi ni bora kuliko kipya. Pamba hunywea inapofuliwa mara za kwanza, na foronya ya miaka mitatu imeshanywea yote iliyokuwa inywee. Kama ni kipya, kifue kwa maji ya uvuguvugu, kikauke, kipige pasi, ndipo upime.

Ila kuna utumikaji na kuna uchakavu. Kinyanyue kitambaa mbele ya dirisha. Mahali mwanga unapopenya kama kwenye chujio, uzi umekwisha. Shika sehemu hiyo kwa vidole gumba viwili na uivute: ukisikia kamlio kadogo ka nyuzi kukatika, usiitumie kubebea kitu chochote kizito kuliko soksi. Foronya huchakaa katikati, kichwa kinapolala, na kingo zake hubaki imara. Suruali huisha magotini na matakoni, lakini chini ya goti kitambaa huwa kama kipya.

Epuka vitambaa vinavyonyumbuka kama fulana, angalau kwa mfuko wa kwanza. Vinavutika chini ya mguu wa cherehani, halafu vikibeba uzito vinarefuka na kulegea.

Vifaa

Mkasi mkali, pini, chaki ya fundi au kipande cha sabuni kilichokauka, futi kamba, pasi, uzi wa poliesta na sindano. Kwa foronya na mataulo, sindano ya cherehani namba 14 (kwenye pakiti huandikwa 90/14) inatosha. Kwa jinzi panda hadi namba 16 (100/16). Hatua ya mshono iwe milimita 2.5 kwa kitambaa cha kawaida, na 3 au zaidi kidogo kwa kitambaa kinene. Hatua fupi mno kwenye jinzi hutoboa kitambaa kwa ukaribu hadi kikachanika kwenye mstari wenyewe.

Huna cherehani? Kila kilichomo humu kinashoneka kwa mkono. Tumia mshono wa kurudi nyuma: sindano inatokea mbele hatua moja, inarudi kuingia pale hatua iliyopita ilipoishia, kisha inapita chini na kutokea hatua moja mbele tena. Ukiangalia juu utaona mstari usiokatika kama wa cherehani. Hatua za milimita 3 zinatosha. Uzi usizidi urefu wa mkono wako, maana mrefu zaidi ya hapo hufungana mafundo na utapoteza muda mwingi kuliko ulioukwepa.

Pima vitu, si kitambaa

Hapa ndipo mifuko mingi ya kupangia vitu inapoharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo. Watu hukata mfuko wa upana uleule wa kitu kinachoingia. Kitu cha upana wa sentimita 8 kinapewa mfuko wa sentimita 9, halafu mshonaji anashangaa kwa nini hakiingii. Kitu kina unene pia.

Kama mfuko ni wa pande mbili zilizo huru, mathalani kipochi, zungushia futi kamba kwenye kitu chenyewe, gawanya kwa mbili, kisha ongeza sentimita 1 au 2 za nafasi. Huo ndio upana wa ndani.

Lakini mfuko ulioshonwa juu ya kitambaa kinachoning'inia ukutani ni habari nyingine. Kitambaa cha nyuma kinabaki bapa, hakijipindi kukisaidia kile cha mbele. Hivyo kitambaa cha mbele peke yake ndicho kinachozunguka kitu: upana, jumlisha unene wa upande mmoja, jumlisha unene wa upande wa pili, ongeza nafasi. Boksi la upana wa sentimita 8 na unene wa 4 linahitaji kitambaa cha mbele cha 8 + 4 + 4, yaani 16, na sentimita moja au mbili za ziada. Nyuma yake unatenga sentimita 9 tu. Tofauti kati ya mbele na nyuma unaikunja marinda chini ya mfuko. Ukishona mbele na nyuma kwa upana mmoja, kitambaa cha nyuma kitavutwa mbele, na kitu kizima kitajikunja ukutani kama jani lililokauka.

Mfuko wa kutundika: foronya moja na taulo moja la vyombo

Huu ndio mradi ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu hauachi mabaki karibu hata kidogo. Vipimo vyangu ni vya foronya ya sentimita 50 kwa 75 na taulo la sentimita 45 kwa 70. Vyako vikitofautiana, badilisha hesabu, utaratibu ni uleule. Chagua foronya yenye pindo pana mdomoni, kuanzia sentimita 5, kwa kuwa ndani ya pindo hiyo ndimo utakamopita ufito wa kutundikia.

1. Kata taulo katikati kwa urefu wake. Utapata vipande viwili vya sentimita 22.5 kwa 70. Kila kimoja kina pindo ya kiwandani kwenye ukingo mmoja mrefu na kwenye ncha zote mbili fupi. Ukingo mmoja tu ndio uliokatwa: huo utakuwa chini.

2. Kunja ukingo uliokatwa sentimita 1 kuelekea upande wa ndani, upige pasi. Usishone bado. Kama taulo linachambuka nyuzi sana, piga kwanza mshono wa zigizaga ukingoni.

3. Laza foronya juu ya meza, mdomo ukiwa juu, tabaka zote mbili zikiwa zimenyooka. Utashona kupitia tabaka zote mbili kwa pamoja, na hapo ndipo foronya inapokupa faida: kitambaa cha nyuma kinakuwa maradufu bila wewe kuongeza chochote. Zishikize tabaka kwa pini nyingi, au kwa mshono mrefu wa mkono utakaoufumua baadaye.

4. Chora kwa chaki mistari ya wima juu ya foronya: sentimita 1 kutoka ukingo wa kushoto, kisha 13, 25, 37 na 49. Una safu nne za sentimita 12.

5. Kwenye kila kipande cha taulo weka alama kwenye sentimita 17.5, 35 na 52.5. Hizo zinagawanya sentimita 70 mara nne sawasawa.

6. Panga kipande cha kwanza ili pindo yake iwe sentimita 14 chini ya mdomo wa foronya, na cha pili ili ukingo wake wa chini uwe sentimita 4 juu ya kitako. Nafasi iliyobaki katikati ni ya vitu kuchomoza juu ya mfuko. Ukiibana, hutaweza kuingiza mkono.

7. Linganisha alama za taulo na mistari ya foronya: 17.5 ikae juu ya 13, 35 juu ya 25, 52.5 juu ya 37, na ncha mbili zikae kwenye 1 na 49. Kitambaa cha mbele kitavimba kati ya mistari. Ndivyo kinavyotakiwa.

8. Shona mistari ya wima, ukianza na wa katikati, kisha ya pembeni. Ukianza pembeni, mikunjo yote ya foronya itasukumwa katikati na kunaswa hapo. Anza kila mstari chini na umalizie kwenye mdomo wa mfuko, ukirudisha mshono mara mbili au tatu juu ya pindo. Mahali hapo pa sentimita moja ndipo panapobeba kila mvuto wa mkono, na mfuko ukichanika, utachanikia hapo.

9. Sasa chini. Kila mfuko una ziada ya sentimita 5.5. Igawe mara mbili na uikunje rinda moja kila upande, mikunjo ikielekea kwenye mistari ya wima. Piga pasi marinda hayo chini tu, juu yaachie yavimbe. Shikiza kwa pini, kisha shona ukingo wote wa chini kwa mstari mmoja, na wa pili milimita 5 juu yake.

Kwenye makutano ya marinda na mistari ya wima utakuwa na tabaka nyingi. Usikanyage pedali kwa nguvu. Zungusha gurudumu kwa mkono, hatua moja moja, mpaka uvuke.

10. Rudi kwenye pindo ya mdomo. Fumua nyuzi chache za mshono wa ubavuni kwenye eneo la pindo tu, kulia na kushoto, hadi uone njia ya ndani ya pindo ya nyuma. Pitisha humo ufito au bomba jembamba refu kuliko foronya kwa sentimita 3 au 4 kila upande, funga kamba kwenye ncha zake mbili, tundika. Siku ya kufua unachomoa ufito tu.

Mfuko mmoja kati ya hiyo minane unaingiza kitu cha upana wa sentimita 11 na unene wa 2.5 bila kubanwa: soksi zilizokunjwa, chaja, madaftari madogo, brashi za nywele, mafuta ya mwili ya kopo bapa. Vizito viweke safu ya chini na karibu na katikati. Ukitaka mifuko mikubwa, ruka mstari mmoja wa wima, na si lazima safu ya juu ifanane na ya chini.

Mfuko wa kukunja kwa penseli, brashi au sindano za kufumia

Hapa huhitaji mkasi kabisa. Laza taulo la vyombo upande wa kinyume ukiwa juu, upande mrefu ukiwa mbele yako. Kunja ukingo wa chini kwenda juu sentimita 12. Umepata mfuko mmoja mrefu wenye pindo tayari mdomoni, na juu yake kitambaa kinachobaki wazi cha sentimita 21. Penseli ya sentimita 18 itachomoza sentimita 6, na sentimita 15 za juu zitakunjwa chini kama kifuniko ili vitu visidondoke ukikunja.

Shona ncha mbili za pembeni, kisha gawanya katikati kwa mistari ya wima. Usijitese kuilinganisha: sentimita 2.5 kwa penseli, 4 kwa kalamu nene, 7 kwa mkasi. Njia nzuri ni kuvipanga vitu vyenyewe juu ya kitambaa na kuchora chaki kati yao. Mwisho, kunja kamba ya sentimita 70 katikati na uishone mkunjo wake kwenye ukingo mmoja wa nje, usawa wa mdomo wa mifuko.

Vitambaa vinene vya kuwekea sahani mezani vinafaa pia kwa mfuko wa kukunja, na vinasimama vizuri kuliko taulo. Kasoro yake ni ufupi: ukishakunja mfuko, hakibaki kitambaa cha kutosha kwa kifuniko, kwa hiyo ni vya vitu vifupi. Vile vya plastiki usivichome pini, tundu halifutiki. Vibane kwa vibanio vya nguo, na kama mguu wa cherehani unanata juu yake, weka karatasi nyembamba kati yao, shona juu yake, kisha ichane.

Mfuko wa kamba kutoka foronya

Wengi hukata foronya na kushona njia mpya ya kamba, ilhali njia imo. Igeuze nje-ndani na uchunguze mshono wa ubavuni unapofika kwenye pindo. Kama ubavu ulishonwa kwanza na pindo ikakunjwa baadaye, njia inazunguka mdomo wote bila kizuizi: fumua sentimita moja na nusu ya mshono wa ubavuni kwenye uso wa nje, pitisha kamba iliyofungwa kwenye pini ya kufunga, umekwisha. Kama pindo ilishonwa kwanza, ubavu utakuwa umeziba njia, na itabidi ufumue mshono huo kwenye eneo la pindo na uimarishe ncha zake kwa mkono. Kamba iwe mara mbili ya upana wa mdomo na sentimita 20 zaidi. Mifuko hii ni ya nguo chafu, viatu safarini, na midoli ya watoto. Kwa wale wanaotambaa, usiache kamba ndefu ikining'inia.

Kikapu cha mguu wa jinzi

Kata mguu sentimita 25 juu ya pindo ya chini. Pindo ile nene ya kiwandani inakuwa mdomo. Geuza nje-ndani, shona upande uliokatwa sentimita 1 kutoka ukingoni, mara mbili. Sasa fanya kona: bana kona moja ya kitako ili mshono wa chini ulale juu ya ubavu na kona iwe pembetatu. Chora mstari kukatiza pembetatu mahali ambapo mstari huo una urefu wa sentimita 8, shona juu yake, kata ncha. Fanya vivyo hivyo upande wa pili. Mguu wa upana wa sentimita 20 ukiwa umelazwa bapa utakupa kitako cha 12 kwa 8 na kimo cha kama sentimita 20. Urefu wa mstari wa pembetatu ndio upana wa kitako, na kimo hupungua kwa nusu yake. Ukijua hayo mawili unaweza kushona kikapu cha kipimo chochote.

Mshono mnene wa ubavuni utakusumbua. Ugonge kwa nyundo juu ya ubao kabla ya kushona. Mguu wa cherehani ukiinuka mbele kama unapanda ngazi, kunja kipande cha jinzi na ukiweke chini yake kwa nyuma ili usawa urudi.

Mifuko ya nyuma ya suruali hiyohiyo usiitupe. Ikate pamoja na kitambaa kilicho nyuma yake, ukiacha sentimita 1 kuizunguka, kunja ukingo na uishone juu ya kitu kingine chochote.

Kipochi chenye zipu, bila kushona zipu

Simshauri anayeanza kushona zipu. Tafuta foronya ya mto wa kochi, ambayo zipu yake imeshawekwa. Ikate sentimita 20 chini ya zipu, geuza nje-ndani, shona upande uliokatwa. Kabla ya kushona, fungua zipu nusu. Ukiisahau ikiwa imefungwa, utabaki na kipochi kizuri ambacho hakigeuziki, na zipu ya kufungua iko upande wa ndani. Sehemu inayobaki ya foronya, yenye mbavu na kitako vilivyoshonwa tayari, inahitaji pindo moja tu ya mdomo ili iwe mfuko wa wazi.

Shati la vifungo linafanya kazi ileile: shona mbele na nyuma ya shati kuwa mraba, na mstari wa vifungo unabaki kuwa mlango. Shona vifungo vikiwa vimefungwa, na hakikisha mstari wa juu na wa chini wa mraba unapita kati ya kifungo na kifungo. Sindano ikigonga kifungo itavunjika, na kipande chake kinaweza kuruka usoni.